Jinsi ya Kufungwa Msimu Mzima: Mwongozo kwa Vyuo Vyenye Nia

Kila Agosti vyuo vikuu vya Marekani huingia kwenye msimu wa futiboli vikiwa sawa kabisa: ushindi sifuri, kipigo sifuri. Usawa huo haudumu. Ikifika Novemba kuna chuo kitakuwa kimechapwa mechi tisa, au kumi, au zote, na mkurugenzi wake wa michezo atakuwa anapita mlango wa nyuma. Vitabu vya kufundisha ushindi vimejaa madukani. Vya kufundisha kufungwa havionekani, ingawa kila Jumamosi nusu ya timu zinazoshuka uwanjani hurudi nyumbani zimefungwa. Soko lipo; kilichokosekana ni mwandishi asiye na haya.

Kwa msomaji wa Kariakoo, maelezo mafupi. Mpira wenyewe una ncha mbili na hubebwa mkononi. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa jirani. Kuufikisha mwisho wa uwanja ni alama 6, na ukiupiga kati ya nguzo baada ya hapo unaongezewa moja. La muhimu kwetu ni hili: kwa vyuo vikubwa msimu wa kawaida una mechi 12 tu. Hakuna muda wa kuzembea. Ukishinda tatu nne kwa bahati mbaya, msimu umeharibika, na wewe si mbovu wala si mzuri, na hakuna atakayekukumbuka.

Jua bajeti yako

Hapa ndipo vyuo vingi vinapoanza kukosea. Vinadhani kufungwa ni bure. Nenda Texas ukaone. Kuna vyuo viwili vya mfumo mmoja wa serikali ya jimbo, majina yao yote yanaishia na A&M, na kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa gari wa kama saa moja. Kila kimoja kina njia yake.

Texas A&M ya College Station ilimchukua kocha Jimbo Fisher mwishoni mwa 2017 kwa mkataba wa miaka 10 na dola milioni 75, zote za uhakika, mvua inyeshe au jua liwake. Mwaka 2021 wakamwongezea muda. Novemba 2023 wakamfukuza, siku moja baada ya timu yake kuibamiza Mississippi State 51-10, na wakabaki na deni la zaidi ya dola milioni 75 ili asifundishe. Wala hakuwa kocha wa kufungwafungwa: ushindi 45, vipigo 25. Ila alikuwa anashinda kwa kiwango cha milioni chache huku analipwa kwa kiwango cha ubingwa, na matajiri wa Texas wanaijua tofauti.

Chuo cha pili ni Prairie View A&M, chuo cha Weusi kilichoanzishwa 1876. Usidhani walizaliwa wakifungwa. Chini ya kocha Billy Nicks, katika miaka ya 1950 na 1960, walikuwa mabingwa wa taifa wa vyuo vya Weusi mara tano, na pale walitoka kina Otis Taylor na Ken Houston waliokwenda kung'ara kwenye ligi ya kulipwa. Halafu vyuo vikubwa vya Wazungu wa Kusini, vilivyokuwa vimewafungia Weusi milango kwa miongo mingi, vikagundua kwamba wale vijana wana mbio. Milango ikafunguliwa, vipaji vikapita, na hakuna aliyerudi Prairie View kuuliza kama kuna kilichobaki. Mwaka 1990 timu ilisimamishwa kwa sababu za fedha. Iliporudi uwanjani 1991, ufadhili wa wanamichezo ulikuwa umefutwa, wakati vyuo walivyokuwa wanakutana navyo vilikuwa na wachezaji kadhaa wanaosomeshwa kwa sababu ya mpira. Wa Prairie View alikuja na ada yake. Msimu huo walifunga alama 48 na kufungwa 617.

Waliendelea hivyo mpaka 1998. Mechi 80 mfululizo, rekodi ambayo hakuna chuo kingine kilichoifikia. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sidhani walitarajia kuna mtu atakubali mara 80.

Kwa hiyo kabla hujaanza, kaa na mhasibu. Dola milioni 75, au kijana anayelipa karo kwa mkono wa mama yake kisha Jumamosi anakwenda kukanyagwa na mtu mwenye kilo 130? Kwenye msimamo wa ligi kipigo ni kipigo, hakuna safu ya kuonyesha nani amelipia. Mimi, kama nitaulizwa, wale wa Prairie View ndio ninaowavulia kofia. Lakini hili ni tangazo la huduma, si hotuba, tuendelee.

Chagua ukubwa wa kipigo

Jimbo la Nebraska halina timu kwenye ligi kuu ya kulipwa. Lina chuo kikuu chake pale Lincoln, na hicho kimewahi kuwa bingwa wa taifa mara tano. Tangu 1962 hakuna mechi ya nyumbani ambayo tiketi zake hazikwisha. Siku ya mechi uwanja wao hubeba watu wengi kuliko mji wowote wa jimbo isipokuwa Omaha na Lincoln yenyewe, wote wamevaa nyekundu, mkononi wameshika Runza, ule mkate uliofungiwa nyama ya kusaga, kabichi na vitunguu. Ni watu wapole. Hata wageni huwapigia makofi wakitoka uwanjani.

Msimu wa 2021 watu hawa wapole walifungwa mechi 9 kati ya 12, na hakuna hata moja waliyofungwa kwa tofauti ya alama 10. Saba hapa, tatu pale, tano, tatu tena. Ukijumlisha msimu wote, Nebraska walifunga alama nyingi kuliko walizofungwa. Nimekagua hesabu hiyo na bado siipendi.

Huu ndio ufungwaji mbaya kupita wote na nawasihi msiuige. Anayepigwa 60-0 anaondoka wakati wa mapumziko, anaiwahi barabara kabla haijafunga, jioni anakata nyasi kwa amani. Wa kufungwa kwa alama tatu anabaki mpaka filimbi ya mwisho. Anasimama dakika ya mwisho, mikono kichwani, anahesabu yadi zilizobaki, anamshika bega mtu asiyemjua. Kisha anatoka akiwa na la kusema: "Tungepata tu ule mpira wa mwisho." Wiki ijayo anarudi, kwa sababu hiyo hiyo. Ukitaka kuwafunga watu wako bila kuwaua, wafunge mapema na wafunge nyingi.

Mwaka uliofuata Nebraska waliamua kufanya mambo kwa ukubwa unaostahili. Mechi ya kwanza ilichezwa Dublin, Ireland, tarehe 27 Agosti 2022, dhidi ya Northwestern. Kocha alikuwa Scott Frost, mtoto wa jimbo hilo hilo, kwotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi, wa kikosi kilichochukua ubingwa wa msimu wa 1997. Aliporudi kufundisha walimpokea kama mkombozi. Robo ya tatu Nebraska wanaongoza 28-17. Frost akaagiza mpira mfupi wa kuvizia, ule unaopigwa makusudi usifike mbali ili wenyewe waunyakue. Northwestern wakaunyakua wao. Wakafunga, wakafunga tena, mechi ikaisha 31-28.

Huko jukwaani, mitambo ya kulipia kwa kadi ilikuwa imekufa, na wauzaji wakaanza kugawa bia bure. Mashabiki waliosafiri kutoka mashamba ya mahindi hadi Ireland kuja kuona timu ikitupa uongozi wa alama 11 walau hawakulipia kinywaji. Mpangaji yeyote makini wa kipigo aiandike hiyo kwenye orodha ya maandalizi, juu kabisa.

Na Northwestern? Walirudi nyumbani wakiwa washindi, wakafungwa mechi zote 11 zilizobaki. Mwaka mzima hawakushinda hata mechi moja wakiwa ndani ya nchi yao. Nimewaza sana kama kuna chuo kingine kinachoweza kuupita ustadi huo, nikakata tamaa.

Wiki mbili baada ya Dublin, Nebraska waliialika Georgia Southern. Hapa inabidi nieleze desturi moja. Chuo kikubwa hukilipa chuo kidogo kije kufungwa. Mdogo anapata fedha za kununua basi na kulipa makocha, mkubwa anapata ushindi wa uhakika mbele ya watu wake, na kila mtu anafahamu alichokuja kufanya. Michigan walifanya hivyo 2007, wakailipa Appalachian State dola 400,000, na Appalachian State wakashinda 34-32, kwa kukosa adabu. Nebraska waliilipa Georgia Southern karibu dola milioni 1.4. Wageni wakapokea bahasha, wakashinda 45-42.

Kesho yake Frost akafukuzwa. Fidia yake ilikuwa dola milioni 15. Mkataba ulisema wazi kwamba wakingoja hadi tarehe 1 Oktoba itashuka na kuwa milioni 7.5. Ilikuwa tarehe 11 Septemba. Chuo kile kinafundisha kilimo, na kwa kilimo nina hakika wanajua kungoja.

Niongeze na hili, maana ni la mwaka huo huo: kwa miaka mingi mashabiki wa Nebraska walikuwa wakirusha maputo mekundu timu ikifunga kwa mara ya kwanza kwenye mechi. Kabla ya msimu wa 2022 chuo kilitangaza kwamba hayatagawiwa. Kulikuwa na uhaba wa gesi ya helium.

Lugha ya kocha

Baada ya kipigo kocha hukaa mbele ya vipaza sauti na lazima aseme kitu. Kanuni ni kutumia maneno yasiyokamatika. "Tunajenga timu." Inajengwa kuanzia lini, itakwisha lini, fundi nani, hayo usiseme. "Vijana wamejituma." "Tulitengeneza nafasi." "Tunaiangalia mechi ijayo." Ukizidiwa sana, "Makosa madogo madogo", hata kama makosa yenyewe yamekugharimu alama 61. Msomaji atagundua kwamba ni maneno yale yale anayoyasikia kila wikendi redioni kwake, na kweli, sijui ni nani alimfundisha mwenzake.

Usiseme ukweli, na zaidi ya yote usiseme unachodhani ni ukweli. Columbia, chuo cha New York chenye maprofesa waliojaa tuzo za Nobel, kilimchukua Jim Garrett kuwa kocha 1985. Mechi ya kwanza dhidi ya Harvard waliongoza 17-0, wakamaliza wamefungwa 49-17. Garrett akawaambia waandishi kwamba wachezaji wake wamekuwa mateja wa kufungwa. Msimu ukaisha bila ushindi hata mmoja, na yeye akaondoka. Wanawe waliokuwa wanasoma pale wakahamia Princeton.

Columbia walikuwa wamebakiza safari ndefu. Mfululizo wao ulianza vuli ya 1983 na kufika mechi 44. Barack Obama alimaliza masomo yake Columbia mwaka huo huo wa 1983, miezi michache kabla vipigo havijaanza. Sisemi kuna uhusiano, nasema tu Wakenya waujue. Walifungua uwanja mpya 1984 huko juu kabisa kwenye ncha ya Manhattan, karibu mitaa 100 kutoka madarasani. Kwa miaka minne mwenyeji hakuonja ushindi ndani yake. Mwanafunzi alipaswa kupanda treni kutoka mtaa wa 116, kushuka mtaa wa 215, kutembea, kukaa, kufungwa, kurudi. Hapo kuna somo la mipango miji: uwanja ukiwa mbali, aibu haifiki bwenini.

Tarehe 8 Oktoba 1988 hatimaye walishinda, 16-13. Waliofungwa ni Princeton, wakiwa na wana wa Garrett kikosini. Mmoja wao, Jason, baadaye alikuwa kocha mkuu wa Dallas Cowboys, kwa hiyo tusimwonee huruma kupita kiasi.

Kwa mashabiki, hasa wageni

Wewe uliyepata ufadhili wa masomo ukatua kwenye chuo kama hicho bila kuambiwa, usihofu. Hutadaiwa chozi. Kinachohitajika ni kujua wakati wa kusherehekea, na bingwa wa elimu hiyo ni Northwestern tena, safari hii kati ya 1979 na 1982.

Walikuwa wamefungwa mfululizo hadi wakaikaribia rekodi ya wakati huo. Novemba 1981 Michigan State wakawapiga 61-14, rekodi ikavunjwa, na wanafunzi wakavamia uwanja kwa furaha, wakaangusha nguzo za goli, wakiimba kwamba wao ndio wabovu kuliko wote. Hebu fikiria mgeni aliyefika wiki hiyo akiuliza nani ameshinda. Siku zile mjanja mmoja alipita kwenye kibao cha barabara kuu ya Interstate 94 akaongeza maneno, kikawa kinasomeka kama matokeo ya mechi: Interstate 94, Northwestern 0. Mimi naona hii ndiyo kazi bora ya uandishi wa michezo iliyowahi kutoka Illinois, na mwandishi wake hakulipwa.

Mfululizo uliishia kwenye mechi 34, Septemba 1982, walipoishinda Northern Illinois 31-6. Nguzo ziliangushwa tena, na safari hii zikabebwa mpaka Ziwa Michigan. Kwa hiyo kwa hesabu ya seremala hakuna tofauti kati ya ushindi na kipigo: vyote viwili vinagharimu nguzo.

Ukiona haya yote yanakuzidi, Northwestern wana maktaba ya Herskovits, moja ya hazina kubwa kabisa za vitabu vya Afrika duniani. Jumamosi mchana wakati wa mechi huwa kimya, na hakuna atakayekuuliza matokeo.

Wekeza kwenye bendi

Sasa turudi Texas, kwa sababu Prairie View waligundua kitu ambacho wenye dola milioni 75 hawajakipata. Walikuwa na bendi. Jina lake ni Marching Storm, na katika miaka yote ile ya vipigo bendi haikuwahi kufungwa na mtu. Vyuo vya Weusi vya Kusini vina utaratibu wake: kwingine mapumziko ni wakati wa kwenda chooni na kununua soseji, pale mapumziko ndiyo mechi. Watu hukimbilia vitini. Ngoma zinaanza kabla hujaziona, matarumbeta yanainuliwa kwa pamoja, wapiga tuba wanazungusha vyombo vizito utadhani vimetengenezwa kwa maboksi, kiongozi anajipinda nyuma mpaka unaogopa kwa ajili ya mgongo wake. Upande wa pili bendi ya wageni inasubiri zamu yake, nayo haikuja kucheka. Ikiisha, watu wengi wanachukua mikoba yao na kwenda nyumbani wakiwa wameridhika. Futiboli iliyobaki wanaachiwa wazazi wa wachezaji.

Chuo chochote kinachotarajia kufungwa mwongo mzima kianze na matarumbeta. Kocha aje baadaye.

Dharura: ukishinda

Hili hutokea hata kwa waliojiandaa vizuri. Septemba 1998 Prairie View walikutana na Southern ya Louisiana mjini Beaumont. Timu ikafungwa, kipigo cha 80, mambo ya kawaida. Lakini wakati wa mapumziko bendi mbili zilizibiana njia uwanjani, maneno yakatoka, na ghafla wanamuziki waliovaa sare za vifungo vya dhahabu wakaanza kutwangana ngumi, vyombo vikiruka. Timu ya futiboli ya Prairie View, wataalamu wa kupigwa kwa miaka tisa, ikawa watazamaji. Ligi ikazifungia bendi zote mbili, mechi mbili kila moja.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 26, timu ilisafiri hadi Oklahoma City kucheza na chuo cha Langston. Ikashinda 14-12. Wachezaji walirukaruka, wakalia, wakabebana, na hapakuwa na tarumbeta hata moja la kuwapigia, kwa sababu bendi nzima iliyowavumilia vipigo vyote vile ilikuwa imefungiwa Texas.

Kwa hiyo wapiga tuba, mwezi wa Septemba shikeni vyombo kwa mikono yote miwili.